Pete Iliyojaa Si Pete

Kwa mameneja wengi wa kampuni za intaneti mjini Goma, njia iliyo nusu tupu ni hasara. Grafu ikionyesha kuwa kiungo cha Munigi, kaskazini mwa mji, kinatumika kwa asilimia 45 saa za jioni, swali linakuja papo hapo: hizi mega zinazobaki tunamlipia nani? Fundi naye, aliyesifiwa juzi kwa kuufunga mtandao uwe pete, hana wasiwasi. Wateja waongezwe, anasema. Njia ijazwe mpaka asilimia 80, hata 85. Si tuna pete? Upande mmoja ukikatika, trafiki itazungukia upande wa pili ndani ya milisekunde 50, na mteja hatajua lililotokea. Lori lisilojaa, wanakumbushana, halilipi mafuta yake.

Fikra hii imeota mizizi kiasi kwamba anayeipinga huonekana hajui intaneti inauzwaje hapa mjini. Mimi naipinga, na bei naijua. Pete iliyojazwa kupita nusu imekwisha kuwa kitu kingine: nyuzi mbili zinazongoja siku ya kuelemewa. Na ile kanuni ya asilimia 80, ambayo inaweza kuwa na mantiki Frankfurt au Johannesburg, haina mantiki yoyote kwenye mteremko wa volkeno ya Nyiragongo.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayorukwa. Chora pete ya kubuni yenye kituo kikuu katikati ya mji. Mkono wa mashariki unapita Birere, Majengo na Buhene hadi Munigi. Mkono wa magharibi unapita Katindo na Ndosho, kisha unapanda kuifuata Munigi kwa upande wa pili. Kila mkono una uwezo wa megabiti 1,000 kwa sekunde. Saa mbili usiku, watu wakiwa nyumbani na simu mikononi, minara yote kwa pamoja inataka megabiti 1,200. Mzigo ukigawanyika vizuri, kila mkono unabeba 600, yaani asilimia 60, na meneja anaziona asilimia 40 zimelala bure. Sasa ukate mkono wa mashariki pale Birere, karibu na kituo kikuu. Megabiti 1,200 zinaielekea njia ya 1,000. Sehemu moja kati ya sita haina pa kupita. Kama mikono ilikuwa imejazwa kwa asilimia 80 kama fundi anavyotaka, megabiti 1,600 zitaigombea nafasi ya 1,000, na zaidi ya theluthi ya mzigo itabaki nje. Hapo hakuna pete. Kuna mlango mmoja na watu wanaosukumana.

Mpinzani atanikatiza: pakiti hazitapotea zote hizo, TCP, itifaki inayosimamia usafirishaji wa data, itapunguza mwendo. Kweli, itapunguza. Hiyo ndiyo kazi yake tangu Van Jacobson alipoitungia kanuni za adabu mwaka 1988, baada ya kuona mwendo kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha Berkeley, majirani kabisa, ukiporomoka Oktoba 1986 kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Biti, si kilobiti. Lakini adabu hiyo ina gharama. Hesabu inayojulikana ya TCP ya kawaida inasema mwendo hushuka kadiri ya kipeuo cha pili cha upotevu. Kwa safari ya kwenda na kurudi ya milisekunde 100, upotevu wa asilimia 1 huuachia muunganiko mmoja karibu megabiti 1.4 kwa sekunde. Upotevu ukifika asilimia 4, inabaki nusu ya hizo. Tena hayo ni kwa wanaotumia TCP. Simu ya sauti haina breki za namna hiyo. Sauti hutumwa kila milisekunde 20, njia iwe wazi au imeziba.

Na milisekunde 50 zenyewe? Sina ugomvi nazo. Kiwango cha G.8032 cha shirika la ITU, kinachotumika kwenye pete nyingi za Etheneti, kinalenga kugeuza trafiki ndani ya muda huo kwa pete isiyozidi kilomita 1,200 na vituo 16, na vifaa vingi vya siku hizi vinaweza. Katika milisekunde 50 mazungumzo ya simu hupoteza pakiti mbili au tatu, na msikilizaji hadhani hata kwamba kuna kitu kimetokea. Shida ni saa sita zinazofuata, wakati fundi yuko kwenye kizuizi anasubiri ruhusa ya kupita akaunge waya. Mafundi wa simu wa kizazi kilichotangulia walilijua hili. Katika pete zao za SDH walitenga nusu ya uwezo kwa ajili ya siku ya kukatika, na nusu hiyo waliiheshimu. Sisi tumerithi kwao milisekunde 50, nusu tukaitupa.

Kuna jambo dogo ambalo wauza vifaa hawalisemi sana. Katika pete ya Etheneti, kiungo kimoja hufungwa makusudi wakati wa amani ili pakiti zisizunguke bila mwisho. Mahali unapokifunga ndipo panapoamua mkono upi ubebe nini. Ukikifunga jirani na kituo kikuu, kwa kufuata mfano uliochapishwa kwenye kitabu cha maelekezo, mji mzima utapita mkono mmoja na mkono wa pili utakaa kama pambo. Nimeona pete za namna hiyo zikitajwa katika mikutano kuwa zina ulinzi kamili.

Sasa grafu. Grafu ndiyo silaha ya meneja, na haistahili imani anayoipa. Programu nyingi za kupima trafiki, tangu MRTG ya miaka ya 1990, huchukua wastani wa dakika tano. Njia iliyojaa pomoni kwa sekunde 150 na kukaa tupu kwa sekunde 150 huandikwa asilimia 50. Kwenye karatasi ni njia tulivu. Kwa aliyekuwa akiongea na daktari kwa simu wakati huo, ni mazungumzo yaliyovunjika vipande. Wauzaji wa jumla wa intaneti nao wana desturi ya kutoza kwa kutupa asilimia tano ya vipimo vya juu kabisa. Asilimia tano ya mwezi wa siku 30 ni saa 36. Hizo saa 36 hazimo kwenye ankara, na kwa bahati mbaya hazimo pia kwenye fikra za wanaopanga mtandao, ilhali ndizo saa ambazo mji unauhitaji mtandao kuliko wakati mwingine wowote.

Hapa ndipo ninapotofautiana hata na wale wanaojiita wenye busara, wanaosema kwamba ubunifu wa pete ni sanaa ya kusawazisha mambo matatu: upotevu wa pakiti, kuyumba kwa muda wa kufika ambako mafundi hukuita jita, na matumizi ya njia. Wanayazungumza kama vitasa vitatu vya redio, kila kimoja kina mahali pake pazuri. Si vitatu. Unachokichagua wewe ni kimoja tu, nacho ni kiasi gani unajaza. Upotevu na jita ni matokeo. Bafa, ile kumbukumbu ya ruta ambamo pakiti hupanga foleni, haiondoi maumivu; huamua tu kama mteja ataumia kwa kupoteza au kwa kuchelewa. Ukiifanya fupi, pakiti zinadondoka. Ukiifanya ndefu, zinafika zimechoka.

Ndiyo maana nacheka ninaposikia kwamba dawa ya upotevu ni kununua ruta yenye bafa kubwa. Piga hesabu: bafa ya megabaiti moja mbele ya kiungo cha megabiti 10 kwa sekunde, ikijaa, humwongezea kila anayepita sekunde 0.8 za kusubiri. Ripoti ya mwezi itasema upotevu ni sifuri. Hongera. Lakini ITU katika pendekezo lake la G.114 linashauri ucheleweshaji wa sauti kwa upande mmoja usizidi milisekunde 150. Na simu ina bafa yake ndogo ya kusawazisha sauti, tuseme milisekunde 60. Pakiti inayofika baada ya hapo hutupwa, hata kama imefika nzima. Kwa mazungumzo ya sauti, pakiti iliyochelewa ni pakiti iliyopotea, isipokuwa iliyochelewa haionekani kwenye ripoti yako. Jim Gettys alilifichua tatizo hili karibu miaka 15 iliyopita, akianzia na intaneti ya nyumbani kwake Marekani. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson, yuleyule wa 1988, wakatoa dawa ya CoDel inayodondosha pakiti mapema kabla foleni haijaota mizizi. Toleo lake linalogawa foleni kwa haki kati ya mikondo ya data limeandikwa kuwa RFC 8290 tangu 2018, na limo ndani ya ruta nyingi za bei nafuu zinazouzwa hapa Birere. Wengi hawajaliwasha. Wanasubiri bajeti ya ruta mpya yenye bafa kubwa zaidi.

Nimpe mpinzani haki yake. Kuna mahali ambapo asilimia 80 au 90 haiumizi. Kwa nadharia rahisi ya foleni, ile iliyoanzia kwa Erlang na simu za Copenhagen mwaka 1909, njia iliyojaa nusu ina wastani wa pakiti moja ndani yake. Ikijaa asilimia 80 zinakuwa nne, kwa asilimia 90 tisa, kwa asilimia 95 kumi na tisa. Inatisha kuisikia, lakini kwenye kiungo cha gigabiti moja pakiti kubwa ya baiti 1,500 hupita kwa mikrosekunde 12, hivyo hata pakiti 19 ni kama robo ya milisekunde. Nani atahisi? Kampuni kubwa ya Ulaya, inayochanganya trafiki ya mamilioni ya watu ndani ya bomba moja pana, inaweza kujaza namna hiyo mchana kutwa na ikalala usingizi.

Munigi haina bomba hilo. Ina viungo vya redio vya mwisho vya megabiti 20 au 50, ambamo pakiti ileile huchukua muda mara hamsini au ishirini zaidi, na ina watumiaji wachache ambao mmoja wao akianza kupakua filamu, takwimu za mtaa mzima zinageuka. Will Leland na wenzake wa Bellcore walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba trafiki ya Etheneti haitulii hata ukiitazama kwa dakika au kwa saa. Mafuriko yake hayajifuti kwa wastani kama yale ya simu za Erlang. Kwenye njia nyembamba mafuriko hayo ndiyo maisha ya kila siku. Anayechukua kanuni ya bomba pana na kuipachika kwenye mnara wa Munigi ameazima kanzu isiyo kimo chake.

Kisha kuna mvua. Hapa Goma inanyesha sana kuanzia Septemba hadi Desemba, na tena kuanzia Machi hadi Mei. Viungo vya redio vya masafa ya juu, ya gigahezi 18 au 23, huisikia mvua kubwa vilivyo. Redio za kisasa hazikatiki. Hushusha lugha zinayozungumza. Redio iliyokuwa ikipakia biti 8 kwa kila alama inaweza kushuka hadi biti 2, na uwezo wa kiungo ukawa robo. Kiungo cha megabiti 400 kilichokuwa kikibeba 160, asilimia 40 tu, sasa kina uwezo wa 100 na kimezidiwa. Kwenye skrini ya fundi taa ni ya kijani, kiungo kipo hewani, na pete haina sababu ya kugeuza chochote. Hata ingegeuza, mkono wa pili uko kilomita chache tu kutoka hapo, chini ya wingu lilelile. Kwa hiyo hata nusu ninayoitetea haitoshi kila mahali. Pete ya redio ipimwe kwa uwezo wake wa siku ya mvua. Uwezo wa siku ya jua ni bonasi.

Wingu hilo linatupeleka kwenye kiini cha ugomvi wangu, kwa sababu wanaojaza pete zao hutegemea dhana moja ambayo hawaisemi: kwamba mikono miwili haiwezi kuumia kwa siku moja. Munigi imeikanusha dhana hiyo mara nyingi kuliko mtu anavyopenda kukumbuka.

Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa Nyiragongo ulipasuka, na nyufa zikateremka hadi karibu na Munigi. Kutoka huko chini lava ikatiririka kuingia mjini, ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege na kuugawa mji vipande viwili hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021, jioni, volkeno ikarudia. Safari hii mto wa moto uliivuka barabara ya Goma kwenda Rutshuru, ukala vijiji vya eneo la Nyiragongo na kusimama Buhene, mlangoni mwa jiji. Barabara hiyo ndiyo inayofuatwa na kila kitu: malori ya chakula, nguzo za umeme unaotoka kwenye kituo cha umeme wa maji cha Matebe, na nyaya za mawasiliano zinazoning'inia kwenye nguzo hizohizo, kwa kuwa kuchimba mtaro kwenye mwamba wa lava ni kazi inayokula patasi na pesa. Lava ilipopita, umeme na barabara vilikwenda pamoja. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihame. Mamia ya maelfu ya watu walishika njia ya Sake na ya Gisenyi, na kila mmoja wao alikuwa na mtu wa kumpigia simu. Hapo ndipo unapokutana na mambo yote kwa mpigo: kiungo kimekatika, minara iko kwenye betri, mahitaji yamepanda kupita jioni yoyote ya kawaida. Ile asilimia 45 ya saa za jioni inakusaidia nini kupanga siku hiyo?

Vita havina tofauti. Mwishoni mwa 2022 watu waliokimbia Rutshuru na Kibumba walijaa Kanyaruchinya, jirani na Munigi, na minara iliyopangiwa kijiji ikajikuta inahudumia mji wa mahema. Januari 2025 mapigano yalitokea pande zote mbili: kupitia Sake upande wa magharibi, na kupitia Kibumba na Munigi upande wa kaskazini, mpaka waasi wa M23 walipoingia Goma tarehe 27. Pete yangu ya kubuni, ile yenye mkono wa mashariki na mkono wa magharibi, ingekuwa imeguswa mikono yote. Laini ya umeme ya Matebe nayo imekatwa na vita hivi zaidi ya mara moja.

Sisemi kwamba kuna ubunifu wa kushinda lava na mizinga. Nasema kwamba pete ichorwe juu ya ramani ya hatari kabla ya kuchorwa juu ya ramani ya wateja. Nguzo zilezile zikibeba mikono yote miwili, huo ni mkono mmoja. Minara ya pande zote ikilishwa na laini moja ya umeme, na betri zake zikidumu saa tatu, baada ya saa tatu hakuna mkono. Mikono miwili ikivuka mpaka kwa mlango mmoja kuelekea Gisenyi na kukutana tena Kigali, usiniambie kwamba una watoa huduma wawili. Una ankara mbili.

Wala usidhani kuwa kosa hili ni la watu wa milimani pekee. Afrika Mashariki nzima ilikuwa na pete yake baharini: nyaya za kwenda Ulaya kwa Bahari ya Shamu, na nyaya za kuzunguka kusini. Februari 2024 nyaya za Bahari ya Shamu zilikatika, Seacom ikiwemo, na matengenezo yakakwama kwa sababu ya vita vya Yemen. Trafiki ikageuka, kama ilivyoahidiwa. Kisha tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zikakatika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na kuanzia Dar es Salaam hadi Kigali watu wakatazama simu zao bila kuelewa. Kampuni mbili, majina mawili, mikataba miwili, na sakafu moja ya bahari. Waliokuwa wameacha nafasi kwenye njia nyingine walipumua. Waliojaza, wakawaombea wenye meli ya matengenezo.

Umbali, kwa njia, si kisingizio. Mwanga ndani ya faiba huchukua kama milisekunde 5 kwa kilomita 1,000. Mkono wa pili unaozunguka mbali, hata ukiwa mrefu kwa kilomita 400, unaongeza milisekunde 2. Foleni ya kiungo kimoja kilichojaa inaongeza mamia. Anayekataa njia ndefu kwa hofu ya jita huku akiijaza njia fupi hadi shingoni anakimbia mvua akiwa ndani ya mto.

Inabaki hoja ya pesa, na ndiyo pekee yenye uzito. Intaneti ya jumla inafika Goma baada ya kuvuka bahari na nchi mbili au tatu, na kila anayeigusa njiani anachukua chake. Kampuni changa yenye wateja mia mbili haiwezi kulipia njia mbili na kuuza moja. Nakubali. Lakini nani amesema nusu ile ikae tupu? Hapo ndipo mlinganisho wa lori unapowapoteza. Mzigo wa lori wote una thamani moja ukishapakiwa. Pakiti hazina thamani moja. Kituo cha kupima mitetemo ya ardhi chenye mikondo mitatu, sampuli 100 kwa sekunde za biti 24, hutoa kilobiti 7.2 tu kwa sekunde. Vituo 20 vya namna hiyo havifikishi kilobiti 150. Simu moja ya sauti yenye ubora wa simu ya mezani hula karibu kilobiti 87. Simu 100 kwa pamoja ni megabiti 8.7. Miamala ya M-Pesa na Airtel Money ni midogo kuliko hiyo. Jumlisha vyote ambavyo mji hauwezi kuishi bila kuwa navyo, na utaona havijazi hata sehemu ya kumi ya ile pete yangu ya kubuni.

Kwa hiyo gawa. Nusu ya kwanza iwe ya ahadi: sauti, pesa, hospitali, data za volkeno, na wateja waliolipia uhakika. Nusu ya pili iuzwe kwa bei ya chini, kwa kusema wazi kwamba ni kifurushi cha kuvumilia: programu zinazojisasisha, nakala za usiku, video zinazopakuliwa ili zitazamwe kesho. Pakiti hizo zipewe alama ya kusukumwa pembeni kwanza. Alama rasmi ipo, imeandikwa kuwa RFC 8622 mwaka 2019, na kuiweka kwenye ruta ni kazi ya alasiri moja. Siku ya kawaida pete itajaa hadi asilimia 80 na meneja atafurahi. Siku mkono ukikatika, video zitasimama na simu zitaendelea. Matumizi makubwa hayajawahi kuwa kosa. Kosa ni kuahidi kila mtu kilekile halafu kuliacha tukio liamue nani adondoke.

Na tukiwa kwenye kilobiti 7.2, kabla ya mlipuko wa 2021 Kituo cha Volkeno cha Goma, OVG, kilikaa miezi kadhaa bila intaneti ya kupokea data za vyombo vyake vya mbali, kwa sababu ufadhili ulikuwa umekwisha mwaka 2020. Hazikukosekana gigabiti. Zilikosekana kilobiti, katika mji ambao kampuni zake zilikuwa zikibishana jinsi ya kuuza asilimia za mwisho za njia zao. Kampuni yoyote yenye mnara upande wa Munigi ingeweza kuzibeba data hizo bure ndani ya nafasi ambayo meneja anaiita hasara, na hakuna mteja ambaye angegundua.

Wapo watakaosema mjadala huu umepitwa na wakati, kwamba intaneti ya satelaiti ya Starlink imeumaliza. Kinshasa iliipiga marufuku Machi 2024 na kuipa leseni Mei 2025, na sahani zake zinaonekana juu ya mabati ya mji huu. Ni mkono mzuri wa tatu, kwa sababu satelaiti iliyo mamia ya kilomita juu haijali lava. Lakini sahani inahitaji umeme, watumiaji wa eneo moja wanagawana uwezo uleule wa angani, na njia hubadilika kila baada ya sekunde chache, jambo ambalo kwa jita si zawadi. Ipe kazi ya kubeba ile nusu ya ahadi siku mikono yote ya ardhini imelala. Usiipe mji mzima.

Anayedhani nimetia chumvi ana njia rahisi ya kunikosoa. Achague jioni ya kazi mwezi wa Novemba, saa mbili usiku, mvua ikiwa imeanza. Auchomoe mkono mmoja wa pete karibu na kituo kikuu, auache hivyo saa nzima, kisha kutoka Munigi apime mambo matatu kwa kila sekunde, si kwa wastani wa dakika tano: pakiti ngapi za sauti hazikufika, ngapi zilifika zimechelewa zaidi ya milisekunde 60, na muamala wa pesa ulichukua muda gani kukamilika. Ataniambia kwamba wateja watalalamika. Watalalamika ikiwa pete imejaa. Ikiwa ina nafasi, hawatajua kitu, kama fundi alivyomwahidi meneja wake.